Ngozi Iliyoandikwa Paja

Siku mliyoniaga pale maabara mlinipa keki, kitenge na kipaza sauti. Keki nilikula, kitenge ninacho, kipaza sauti nilikirudisha nikasema sina la kuongea. Nilidanganya. La kuongea nilikuwa nalo, ila halikuwa la kusemwa mbele ya wale wakubwa wenye suti, na soda zilikuwa zimeanza kupata joto. Sasa niko nyumbani Ruring'u, kuku wangu wananiheshimu kuliko nyinyi mlivyokuwa mkiniheshimu, na nina muda. Vyeo na mishahara sitaviandika. Anayetaka kuvijua akaulize ofisini, nao watamwambia faili haionekani.

Nawaandikia nyinyi mnaokata vipande. Wengine wakisoma, waelewe kwamba kazi yetu ilikuwa hii: mgonjwa anatolewa kipande kidogo cha mwili, kinaletwa kwetu kikiwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kukizuia kisioze, sisi tunakigandisha ndani ya nta, tunakikata chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunakilaza juu ya kioo na kukipaka rangi. Halafu daktari anakiangalia kwa darubini na kusema ni ugonjwa gani. Mgonjwa hatujui. Sisi tunajulikana kwa harufu ya formalini tu, ambayo hata marehemu mume wangu aliizoea mpaka akawa anajua siku ya kazi nyingi na siku ya kazi kidogo kwa kuninusa.

Niliingia maabara nikiwa msichana wa Majengo, mtaa wa Waislamu wa Nyeri, binti wa fundi cherehani Mwislamu na mama Mkikuyu aliyesilimu. Aliyenipokea ni Mzee Gachanja, fundi mkuu wa vipande, mtu mrefu mwenye koti lililotobolewa na asidi mfukoni. Hakuniuliza vyeti. Aliniuliza kama mikono yangu inatetemeka.

"Haitetemeki, Mzee."

"Tutaona ukishaacha kunywa chai. Shika hii."

Alinipa kitofali cha nta kisicho na kitu ndani. Nikakata nta tupu wiki tatu. Julai ya Nyeri mnaijua, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na nta ikipoa kupita kiasi inavunjika kama biskuti. Mzee Gachanja alinifundisha kuisogelea na kuipumulia kwa mdomo, pumzi moja ya polepole, kisha kuzungusha mkono wa mashine ya kukatia kabla joto halijatoka. Leo mna mashine za kupoza na kupasha, na bado nimewafuma mkipumulia nta mkidhani sioni. Endeleeni.

Kitu cha pili alichonifundisha ndicho kilichonifanya nishike kalamu leo. Kila nilipomletea kioo chenye rangi maalumu, kabla hajatazama ugonjwa, alikuwa anasema, "Ngoja. Kwanza niulize majirani." Majirani aliwaita zile seli za kawaida, zilizo karibu na ugonjwa kwenye kipande hichohicho. Kama majirani wameshika rangi walivyotakiwa, basi rangi imefanya kazi na ukiambiwa kitu na kioo unaweza kukiamini. Kama majirani wako kimya, tupa, anza upya. "Usimuulize mshtakiwa kabla hujauliza majirani," alisema. Nilimcheka kimoyomoyo. Nilidhani ni maneno ya mzee anayechelewesha kazi.

Mzee Gachanja alistaafu, akafariki, nikakaa kwenye kiti chake. Miaka ikaenda. Halafu, miaka yangu ya mwisho mwisho, zikaja dawa mpya za kutafuta protini ndani ya seli. Mnazizoea sasa, lakini kwetu ilikuwa maajabu. Unachemsha vioo kwanza ndani ya sufuria ya presha, ileile ya kupikia maharagwe, na mama wa usafi alipita siku ya kwanza akauliza kama githeri itatosha watu wote. Kisha unadondosha tone la dawa inayojua kushika protini moja tu, na pale ilipo protini hiyo panageuka kahawia. Pasipo nayo panabaki buluu ya kawaida.

Protini mbili tulizozipata kwanza tuliziita kwa namba zao, P16 na P53. Tulizitumia sana kwa ugonjwa ambao hakuna mtu aliyetaka kuutaja, saratani ya uke, hasa ngozi ya nje ya uke. Nimeshaandika, na sijaona aliyezimia. Ugonjwa huo una njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kirusi kilekile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na huwapata zaidi wanawake ambao bado hawajazeeka. Hapo P16 inawaka kahawia kipande kizima, huhitaji miwani. Njia ya pili haina kirusi. Huwapata kina mama wakubwa ambao ngozi yao ya huko imekuwa nyeupe, nyembamba, inawasha miaka na miaka, wakipewa dawa za fangasi tube baada ya tube. Ngozi ya namna hiyo ina dawa yake ya kupaka, na wengi hawafiki kwenye saratani kamwe. Ila wachache hufika, na kabla ya kufika kuna hatua ya katikati inayofanana sana na ukurutu wa kawaida. Macho peke yake hudanganyika. Hapo ndipo P53 inapoitwa.

Sasa shida yetu ya hapa milimani ilikuwa fomu. Kwenye fomu pana mahali pa kuandika kipande kimetoka wapi. Tabibu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mgonjwa ni mama wa umri wa mama mkwe wake. Mama anasema "huko chini", kijana anatazama dirishani, kalamu inaandika "ngozi". Basi. Ngozi ya wapi? Ya kichwa? Ya kisigino? Wengine walijitahidi wakaandika "ngozi ya paja", kwa sababu paja liko jirani na halina aibu. Sisi tulijua mchezo huo na tuliucheka kwenye chai ya saa nne. Natamani tusingecheka.

Mama Nyaguthii nilimkuta kwenye benchi la nje ya maabara, asubuhi, msimu wa kupanda mpunga. Nilijua ni wa Mwea kwa sababu ya matope mekundu… hapana, nadanganya tena, nilijua kwa sababu aliniambia. Anauza mchele Wang'uru, soko la huko Mwea. Mjane, miaka sitini na kidogo, kitambaa cha kijani kichwani, na alikuwa amekaa upande upande, uzito wote kwenye nyonga moja. Mkononi alikuwa na majibu yetu ya miezi mitano nyuma: ngozi ya paja, ukurutu wa muda mrefu, hakuna saratani.

"Daktari," akaniita.

"Mimi si daktari, mama. Mimi ni fundi wa vipande."

"Ni sawa, daktari. Hii karatasi yenu ilisema niko mzuri. Na mimi siko mzuri."

Akaangalia kushoto na kulia. Nikamjibu kwa Kikuyu cha mama yangu ili ajisikie nyumbani. Akashtuka akalitazama buibui langu juu mpaka chini.

"Ngai! Wewe wa Majengo unajua Kikuyu kushinda watoto wangu!" Kisha akarudi kwenye Kiswahili, nadhani kwa sababu maneno yale yalikuwa mazito zaidi katika lugha ya nyumbani. "Sikia. Hiyo ngozi si ya paja. Kijana aliandika hivyo na mimi niliona, nikanyamaza. Hiyo ngozi ni ya huku." Akaweka kiganja juu ya sketi, akakiondoa haraka. "Iko na miaka kumi inaniwasha. Sasa iko na kidonda. Hata kukaa vizuri siwezi."

Moyo uliniuma, sitaki kuficha. Niliingia stoo, nikatafuta kitofali chake cha nta. Vitofali havitupwi, ndiyo maana nilikuwa nikiwagombeza mkiviweka ovyo. Nilimweleza Daktari Wambugu, mtaalamu wetu wa darubini, mtu mpole asiyependa kukosea. Alikitazama kile kioo cha zamani upya, safari hii akijua kimetoka wapi, akaondoa jicho kwenye darubini. "Zuhura," akasema, "kata vingine. Nataka P16 na P53. Kesho naenda Nairobi kwenye mkutano, nikirudi keshokutwa nivikute mezani." Akamwandikia mama kidonda kitolewe kipande kingine na daktari wa wanawake, yeye akisharudi kutoka Nairobi. Mama akasema atalala kwa binamu yake mjini, asubiri.

Vioo vikawa tayari kesho yake saa nane mchana. Nikavitazama. Sikutakiwa kutoa jibu, lakini nani anapika bila kuonja? P16 ilikuwa safi, buluu tupu. Hakuna kirusi. P53, buluu tupu pia. Pembeni ya kioo nilikuwa nimeweka kipande cha uvimbe wa mtu mwingine tunaojua unawaka, nao uliwaka kahawia vizuri. Basi dawa ilifanya kazi. Na kwa miezi yote tangu dawa zije, nilikuwa nimejifundisha jambo moja rahisi: kahawia ni mbaya, buluu ni nzuri.

Nikatoka nje. Mama Nyaguthii alikuwa palepale kwenye benchi, upande upande. Alikuwa amekuja tu, hajaitwa. Aliniambia shamba lake linaingiziwa maji wiki ile, zamu ikimpita inakwenda kwa mwingine, na kijana wake anauliza kwa simu yuko wapi na yeye anasema amekuja kwa matanga.

Niliinama nikamwambia sikioni, "Mama, usiogope. Nimeangalia mwenyewe. Enda nyumbani, uko sawa."

Alinishika mikono yote miwili. Alilia kidogo, akacheka, akasema Mungu wangu na Mungu wake ni mmoja. Akaondoka. Nami nikarudi ndani nikijiona mtu mwema sana.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napanga vioo kwenye trei ya Daktari Wambugu. Ni kazi ya kuweka lebo tu, mkono unajua njia. Lakini kile cha P53 kilinisumbua na sikujua kwa nini. Nikakirudisha chini ya darubini. Ile safu ya chini ya ngozi, ambako seli huzaliwa, ilikuwa buluu, buluu, buluu, hata doa moja hakuna. Nikashuka chini zaidi kwenye nyama laini iliyo chini ya ngozi, mahali ambapo hatuna sababu ya kutazama. Kule kulikuwa na vidoa vya kahawia hafifu, hapa kimoja, pale kimoja. Seli za kawaida. Majirani.

Nilisikia sauti ya Mzee Gachanja kama amesimama nyuma yangu na koti lake la matundu. Majirani walikuwa wameshika rangi kidogo, kama wanavyotakiwa, kwa sababu kila seli nzima huwa na P53 kidogo. Ngozi yenye afya huonyesha vidoa vya hapa na pale. Ngozi ya mama huyu haikuonyesha hata kimoja. Protini ilikuwa imepotea kabisa, na ile ndiyo protini inayozuia seli kuzaana ovyo. Ikijaa kupita kiasi ni mbaya, na ikikosekana kabisa ni mbaya vilevile. Jambo hili lilikuwa kwenye karatasi iliyokuja na dawa, nami nililisoma, hata mstari niliupigia. Kile kipande cha pembeni kiliniambia dawa ni nzima. Majirani wangeniambia mama ni mgonjwa, na sikuwauliza.

Nilikaa kwenye stuli. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Daktari Wambugu alipofika saa tano nilimweleza yote, pamoja na maneno ya sikioni. Alitazama kioo, akainua kichwa.

"Ni kweli. Imepotea kabisa. Huyu mama yuko wapi?"

"Nimemrudisha nyumbani."

Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Tulipiga namba iliyokuwa kwenye fomu. Ilipokelewa na fundi wa kuchomea vyuma huko Kagio, ambaye hakumjua mama yeyote wa Wang'uru lakini alikuwa tayari kututengenezea geti. Mama, tulikuja kujua, alikuwa ametoa namba ya uongo makusudi, ili hospitali isije ikampigia kijana wake na kutaja huko chini. Kila mmoja wetu kwenye mlolongo ule alikuwa ameficha kidogo kwa nia njema. Tabibu aliandika paja, mama akabadilisha namba, na mimi nikampa habari njema isiyokuwa yangu kutoa.

Niliomba ruhusa nikaenda Wang'uru asubuhi iliyofuata. Soko la mchele lile, kila mtu ni Mama fulani na kila Mama fulani anauza pishori, ule mchele unaonukia. Sikuweza kuuliza, "Yuko wapi yule mgonjwa wa uke?" Nilisema natafuta Mama Nyaguthii mwenye kitambaa cha kijani. Wakaniangalia tu. Basi nikasema, "Yule anayekaa upande upande."

"Aaa! Huyo!" wakaitikia wanawake watatu kwa pamoja, na mmoja akaigiza kwa nyonga yake, wakacheka. Walimjua kwa kukaa kwake. Kwa miaka walikuwa wamemwona hivyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini.

Nilimkuta juu ya gunia, konzi ya mchele mkononi, akimwonyesha mteja jinsi punje zilivyo ndefu. Aliponiona, uso ulichangamka kwanza, halafu ukazima.

"Wewe umetoka Nyeri yote kununua mchele?"

"Hapana, mama."

"Si ulisema niko sawa?"

"Nilisema. Nilikosea."

Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimejiandaa. Alimaliza kumpimia mteja, akafunga mfuko, akasubiri aondoke. Kisha akasogea kwenye gunia akanipa nafasi. Nikamweleza pale juu ya mchele, polepole, habari ya kioo na ya majirani ambao sikuwauliza. Nilimwambia inawezekana bado ni mapema, lakini sijui, na safari hii sitasema nisichokijua.

"Ati mtu mwenyewe akinyamaza, majirani wanasema?" akauliza.

"Kwenye kioo, ndiyo."

Akawatazama wale wanawake watatu, waliokuwa bado wanatuchungulia. "Hawa wangu hawakusema kitu," akasema. "Na mimi pia sikuwaambia." Kisha akatoa simu, akampigia kijana wake mbele yangu. Sikuambiwa nisisikilize. "Mimi siko matanga," alimwambia. "Sikuwa matanga hata siku moja. Niko mgonjwa. Niko mgonjwa huku kwa uke, na inaniwasha miaka kumi, na wewe utanipeleka Nyeri kesho." Halafu nikasikia sauti ya mwanamume mzima ikisema, "Sawa, mama. Saa ngapi?"

Kipande kipya kilithibitisha. Ilikuwa ile hatua ya katikati, na mahali pamoja ilikuwa imeanza kuvuka kuwa saratani. Daktari wa wanawake akapanga upasuaji haraka. Siku ya upasuaji chupa ililetwa kwangu na fomu yake, na pale pa kuandikwa mahali, mwandiko ulikuwa wa yule tabibu kijana, ila umekatwa na kuandikwa tena. Baadaye aliniambia yaliyotokea kando ya kitanda cha mama. Kalamu yake ilikuwa imeshaandika "ngozi" ikasimama, mama akamwambia, "Andika vizuri, kijana. Andika uke. Paja yangu haijawahi kuniwasha."

Kipande kile sikumpa mtu mwingine akate. Nilikipumulia mwenyewe. Tulichotaka kujua kilikuwa kwenye kingo: kama mahali mkasi ulipopita ni pasafi, ugonjwa umetoka wote na mama atabaki na dawa yake ya kupaka na kuja kuangaliwa. Kama si pasafi, arudi kwenye meza ya upasuaji, na mwili wake ulikuwa umechoka. Nilikata kingo zote nne, nikachemsha, nikadondosha, nikapaka, nikatazama, nikampelekea Daktari Wambugu bila kusema neno hata la salamu.

Yeye ndiye aliyekwenda wodini kutoa majibu, kama inavyotakiwa. Mimi nilimfuata nikasimama mlangoni. Akamwambia kingo zote ni safi. Mama Nyaguthii alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akanitafuta kwa macho, akaniita kwa kidole.

"Wewe. Umeangalia mwenyewe?"

"Nimeangalia, mama. Mara tatu."

"Na majirani?"

"Nimewauliza kwanza. Kingo zote, wamejibu."

Alinitazama muda mrefu, akitafuta kama kuna kitu nimemfichia. Kisha akajisogeza kwenye mto, akakaa katikati.

"Haya," akasema. "Sasa naweza kuenda nyumbani."